Mauzo Makubwa, Matarajio Makubwa Zaidi



Mwezi wa Machi 2013 kampuni ya Square Enix ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Tomb Raider. Katika muda usiozidi majuma manne, nakala milioni 3.4 zilikuwa zimekwisha uzwa. Hata hivyo, kampuni hiyo ilitangaza kwamba mauzo hayakufikia matarajio. Makadirio ya mwaka wa fedha yakageuzwa: badala ya faida ya yen bilioni 3.5, ikatazamiwa hasara ya yen bilioni 13. Rais wa kampuni, Bwana Yoichi Wada, akatangaza kuuacha wadhifa wake.

Je, mchezo ulionunuliwa na mamilioni ya watu unaweza kuitwa ulioshindwa? Hapana budi kutofautisha mambo mawili: kile ambacho wanunuzi walikifanya, na kile ambacho kampuni ilijiahidi. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, Square Enix ilitazamia kuuza kati ya nakala milioni 5 na milioni 6. Kiwango hicho hakikuwekwa na wanunuzi, kiliwekwa ofisini.

Ni kweli kwamba mchezo mkubwa hugharimu fedha nyingi. Mamia ya mafundi hulipwa mishahara kwa miaka kadhaa kabla nakala ya kwanza haijauzwa, na katika bei ya kila nakala mwenye duka naye huchukua fungu lake. Lakini hasara ya mwaka ule haikutokana na mchezo mmoja. Ndani yake zilikuwamo pia gharama za kuipanga upya kampuni, zipatazo yen bilioni 10. Kuutwika mchezo mmoja mzigo wote huo si haki.

Wakati nao ulitoa ushahidi wake. Kufikia mwaka 2017, nakala za Tomb Raider zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 11. Kwa upande mwingine, nakala inayouzwa kwa bei iliyopunguzwa haileti fedha sawa na ile ya siku za mwanzo. Kwa hiyo wingi wa nakala peke yake hautoshi kuwa hukumu, wala upungufu wa majuma manne hautoshi.

Wanaoumia makadirio yanapokosewa ni wafanyakazi. Mwaka 2022 Square Enix iliiuza Crystal Dynamics, iliyoutengeneza mchezo huo, pamoja na mali nyingine, kwa kampuni ya Embracer ya Sweden, kwa dola milioni 300. Mwezi Mei 2023 Embracer nayo ikatangaza kwamba mapatano yaliyotazamiwa kuiletea zaidi ya dola bilioni 2 yamevunjika. Baada ya hapo wafanyakazi zaidi ya 1,300 walipoteza kazi zao, kwa sababu ya fedha ambazo hazikuwa zimeingia mkononi.

Wahenga walionya kwamba mbeleko haikatwi kabla mtoto hajazaliwa. Kampuni inaposema kwamba mauzo yamevunja matarajio, inafaa kwanza iulizwe ni nani aliyeyaweka matarajio hayo, na kwa hesabu gani. Mara nyingine kilichopungua si wanunuzi, bali ni busara ya waliokadiria.