Kuzamia Kuanze na Kuogelea

Uzamiaji wa skuba ni kushuka chini ya maji kwa kupumua hewa ya mtungi unaobebwa mgongoni. Kifaa kilichoufungulia njia kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan: humpa mzamiaji hewa pale tu anapovuta pumzi. Mchezo huo ungewafaa pia watoto wa wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, lakini mipango ya kukuza utalii wa maziwa ya huko huhesabu wageni, barabara na nyumba za kulala. Haiwahesabu watoto wa kata ya Ibighi wasiofundishwa kuogelea.

Faida ya kwanza ya mchezo huu iko kwenye pumzi. Mwanafunzi huambiwa tangu siku ya kwanza asibane pumzi kamwe. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu ya bahari, na hewa iliyobanwa kifuani hutanuka mtu anapopanda, hata ikaweza kupasua mapafu. Anayehema kwa pupa humaliza mtungi mapema. Anayevuta taratibu hukaa chini muda mrefu. Mazoea hayo hayabaki majini. Dereva wa bodaboda kwenye utelezi wa mji wa Tukuyu, muuguzi wa zamu ya usiku, mwanafunzi mbele ya mtihani, wote wanaihitaji pumzi hiyo tulivu.

Faida ya pili ni kumjali mwenzako. Wazamiaji hushuka wawili wawili. Kila mmoja hukagua mtungi na mikanda ya mwingine, na hewa ya mmoja ikiisha hupumua kwenye mtungi wa mwenzake. Tabia hiyo ya kukagua kabla ya safari ikihamia kwenye breki za lori la ndizi, huokoa watu.

Hata hivyo, mlango wa yote haya ni kuogelea. Cheti cha kwanza, kinachoruhusu kushuka hadi mita 18, hudai mtu aogelee mita 200 na kuelea dakika 10. Mtoto wa miaka 10 hupokelewa. Mtoto wa Rungwe, aliyezungukwa na mito Kiwira na Mbaka, na maziwa Ngosi na Masoko, hajafundishwa kuogelea.

Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na kuua zaidi ya watu 200, wazamiaji walimtoa mhandisi wake akiwa hai siku mbili baadaye. Walimfikia kwa sababu walikuwa wamefundishwa. Huku Rungwe nako kuna sababu ya kufundishwa: kwenye Ziwa Masoko inasimuliwa kwamba Wajerumani walitupa silaha na fedha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Simulizi hiyo itawaleta wageni, na wageni ndio watakaozamia. Kijana wa hapo atabaki ufukweni akilinda mizigo yao, kwa sababu hajafundishwa kuogelea.

Si kila ziwa linafaa. Ngosi liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuta zake ni kali, na ardhi ya Rungwe hutoa kaboni dioksidi kwa wingi hata ikachimbwa kibiashara. Hapo si pa mwanagenzi. Pa kuanzia ni Matema, kwenye Ziwa Nyasa lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani.

Basi shule zianze! Wazazi wadai mwalimu wa kuogelea kama wanavyodai mwalimu wa hisabati. Halmashauri zitenge fedha za majaketi ya kuokolea na boti kabla ya fedha za mabango. Watoto wafundishwe kuogelea, wasichana kwa wavulana, kisha watakaofuzu wapelekwe kwenye mitungi. Nao wakitoka majini wasikimbilie gari la kurudi nyumbani: Tukuyu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa, na nitrojeni iliyobaki mwilini hugeuka mapovu mtu akipanda haraka. Mzamio mmoja hudai mapumziko ya saa 12, na ukirudiwa saa 18. Walale Matema, wapande kesho yake.