Tairi la Tano: Matumizi ya Tairi la Akiba na Matairi Yaliyozibwa katika Magari ya Mkoa wa Simiyu

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya madereva, maofisa usafirishaji na wamiliki wa magari, Bariadi

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze matumizi sahihi ya tairi la akiba na matairi yaliyozibwa. Wengi mliomo humu mlianza kufungua nati za magurudumu mkiwa bado utingo, kwa hiyo maana za maneno nitazipitia haraka. Muda wangu mwingi nitautumia kwa jambo moja ambalo nimelisemea miaka mingi bila kuona mabadiliko: magari yetu yana matairi matano, lakini tunayatunza manne. La tano halina mwenyewe.

2. Maana kwa kifupi

Tairi la akiba, au spea, ni gurudumu la kutumia mojawapo ya manne likiharibika. Kuna spea kamili, yenye ukubwa sawa na mengine, na kuna spea nyembamba ya muda, inayokuja na magari mengi madogo kutoka Japani. Hiyo nyembamba ina herufi T mwanzoni mwa namba za ukubwa wake, kwa kawaida hujazwa upepo wa PSI 60, na haitakiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Kazi yake ni kukufikisha kwa fundi, basi. Magari mengine ya miaka ya karibuni hayana spea kabisa. Yana chupa ya dawa na pampu ndogo.

Tairi lililozibwa ni lile lililotoboka likatengenezwa. Matairi ya malori yanayovalishwa ngozi mpya kiwandani ni mada nyingine, leo sitayagusa.

3. Mazingira yetu

Tangu mkoa huu uanzishwe mwaka 2012, badiliko kubwa kwa dereva ni lami. Barabara ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi–Lamadi, karibu kilometa 172, imeturahisishia safari za Shinyanga na Mwanza. Lakini ukiiacha lami kuelekea vijiji vya Meatu na Itilima, unarudi kwenye changarawe, miiba ya migunga na udongo mweusi wa mbuga. Gari moja, kwa siku moja, hupita kote huko.

Athari yake ni hii. Tairi dhaifu lililokuwa likivumilia mwendo wa kilometa 40 kwenye vumbi sasa linafungwa kwenye gari linalokimbia 100 kwenye lami ya Lamadi, jua la saa nane, abiria wamejaa na mizigo iko juu. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, joto huachanisha tabaka za mpira na nyuzi, na mwisho wake mnaufahamu.

4. Tatizo la msingi: tairi la tano

4.1 Linavyopatikana. Utaratibu wetu, katika ofisi za umma na kwa watu binafsi, ni kununua matairi manne. Yanapofungwa, fundi huulizwa: "Katika haya ya zamani, lipi lina nafuu?" Lenye nafuu ndilo linakuwa spea. Maana yake tairi tulilokubaliana kwamba halifai kubeba gari ndilo tunaloliandaa kubeba gari siku ya dharura, usiku, mbali na fundi, huenda kukiwa na mgonjwa ndani. Nimelisema hili katika vikao mbalimbali. Jibu huwa kwamba bajeti ilipangwa kwa manne. Sina nia ya kulaumu idara yoyote, maana najua maombi ya vipuri hupita mikono mingi. Hata hivyo, ni vigumu kuelewa kwa nini bajeti hiyo hupangwa kwa manne kila mwaka.

4.2 Umri. Spea nyingi hazizeeki kwa kutembea. Huzeeka kwa kukaa. Mpira hukauka na kupasuka nyufa ndogo hata kama kashata zote zipo. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6, na watengenezaji wa matairi husema miaka 10 ndiyo mwisho, spea ikiwemo.

Wenzetu wamelipia somo hili kwa roho za watu. Mwezi Septemba 2012, basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la Bestival, Uingereza, lilipasuka tairi la mbele likaacha njia katika kaunti ya Surrey. Watu watatu walifariki. Tairi hilo lilikuwa na miaka 19, na lilikuwa kongwe kuliko basi lenyewe. Sheria ya wakati ule haikuweka kikomo cha umri. Frances Molloy, mama wa mmoja wa marehemu, alidai mabadiliko kwa miaka, na tangu Februari 2021 nchi hiyo imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye mabasi madogo yenye tairi moja moja. Hapa kwetu wapo madereva wazoefu ambao hawajawahi kuisoma tarehe ya spea yao.

4.3 Upepo. Tairi lililokaa tu hupoteza takriban PSI 1 hadi 2 kwa mwezi. Ukiijaza spea PSI 35 wakati wa Nane Nane na usiiguse hadi Nane Nane nyingine, utaikuta chini ya 25. Madereva hupima manne kwa sababu yanaonekana yamekaa chini. Spea iko chini ya mizigo, haimlalamikii mtu.

4.4 Mahali ilipo na zana zake. Katika pikapu na magari mengi ya kazi, spea huning'inia chini ya bodi kwa mnyororo. Masika, tope la mbuga huukamata mnyororo. Kiangazi kutu huumalizia. Siku ya shida haishuki. Na ikishuka, jeki imeazimwa, au spana ya magurudumu iliyopo haiingii kwenye nati za rimu mpya.

4.5 Ukaguzi. Swali la mkaguzi mara nyingi ni moja: "Spea ipo?" Ipo. Anaweka vema. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kwa roho yake, inataka gari liwe salama barabarani, na tairi bovu likishafungwa linakuwa sehemu ya gari hilo. Kuwepo kwa spea si ushahidi wa uzima wake.

5. Matairi yaliyozibwa

Fundi pancha ni mtu muhimu. Bila yeye usafiri wa mkoa huu ungesimama kabla ya saa nne asubuhi. Tyubu ya pikipiki anayoizibia kwa solusheni na moto wa petroli ndani ya pistoni kuukuu humsaidia mtu kweli. Tatizo huanza mbinu hizo zinapohamishiwa kwenye tairi la gari lisilo na tyubu.

Tundu linalozibika kwa usalama kwenye gari dogo ni lile la sehemu inayokanyaga barabara, lisilozidi milimita 6. La ubavuni halizibiki. Tairi linatakiwa kuvuliwa kwenye rimu na kukaguliwa ndani, kisha lizibwe tundu lote na kuwekewa kiraka kwa ndani. Kamba ya mpira inayosokomezwa kutoka nje ni ya kukufikisha, kwa sababu maji yakipenya hufikia nyuzi za chuma na kuziozesha kimyakimya. Ukikuta ndani unga mweusi wa mpira, ujue tairi lilitembezwa bila upepo. Hilo ni la kutupa.

Ubavu ulioshonwa, au kipande cha tairi kuukuu kilichowekwa ndani kisha tyubu ikajazwa juu yake, si matengenezo. Na matairi hayo huishia wapi? Kwenye nafasi ya spea. Ndiyo maana nasema matatizo haya mawili ni moja.

6. Mapendekezo

Kwa madereva:
(a) Upepo wa spea upimwe kila mwezi, sambamba na mengine manne.
(b) Spea ishushwe walau mara moja kila miezi mitatu, mnyororo usafishwe na upakwe grisi.
(c) Jeki na spana zijaribiwe kwenye gari husika.
(d) Spea nyembamba isizidi kilometa 80 kwa saa, na isiachwe ikitumika kwenye gari wiki nzima.

Kwa maofisa usafirishaji:
(e) Maombi ya matairi yawe ya matano. Bajeti ikigoma, yanunuliwe manne mapya na lililo bora zaidi kati ya yale ya zamani lipimwe umri, kashata na matengenezo yake kabla ya kuitwa spea. Likishindwa, la tano linunuliwe.
(f) Tarehe ya DOT ya matairi yote matano iandikwe kwenye daftari la gari, na mtu mmoja atie saini.
(g) Gari lisipangiwe safari ya nje ya wilaya bila spea kukaguliwa.

Kwa wamiliki wa michomoko (magari madogo ya abiria) na Hiace:
(h) Dereva asikatwe posho kwa kukataa tairi lililoshonwa.
(i) Spea isitolewe ili kuongeza nafasi ya mizigo.

Kwa mafundi pancha:
(j) Tairi la gari livuliwe kabla ya kuzibwa.
(k) Tundu la ubavuni likataliwe, hata mteja akibembeleza.
(l) VETA na SIDO ziombwe kuwaandalia mafunzo mafupi na vifaa vya viraka vya ndani.

Kwa mamlaka za ukaguzi:
(m) Swali la "Spea ipo?" libadilishwe liwe "Spea ina umri gani na upepo kiasi gani?"
(n) LATRA na Kikosi cha Usalama Barabarani waangalie uwezekano wa kuweka kikomo cha umri wa matairi kwa magari ya abiria, spea ikiwemo.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, mapendekezo ni mengi, na baadhi yamejirudia kwa makusudi. Yanayohitaji fedha yatasubiri vikao. Lakini (a), (b), (c), (f) na (m) hayahitaji fungu la bajeti. Yanahitaji kipimo cha upepo, kalamu na mtu wa kuwajibika. Napendekeza semina hii, kabla ya kufungwa leo, iazimie hayo matano, na kila gari lililotuleta hapa likaguliwe spea yake pale nje kabla ya kuondoka.

Naomba kuwasilisha.