Chumvi ya Mezani

Msikilizaji wa Mbagala, Tandika, Tandale na Manzese, leo tunazungumzia chumvi. Chumvi ya mezani tu.

Uko kwenye banda la chipsi. Muuzaji ameshanyunyiza chumvi. Mayai yana chumvi yake, kachumbari nayo ina yake. Halafu wewe, hata hujaonja, unachukua kile kikopo chenye matundu na kutikisa. Mara tatu, mara nne.

Chumvi ikizidi, mwili unabakiza maji. Damu inaongezeka, inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu. Presha hiyo imepanda. Na presha haipigi hodi. Wengi hawaumwi popote, mpaka siku ya kiharusi. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta kiharusi kingi zaidi hapa Dar es Salaam kuliko wilayani Hai, Kilimanjaro.

Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Hapo ni pamoja na ya mboga, supu, mkate, hata ya vile vidonge vya mchuzi.

Kwa hiyo, usiongeze chumvi mezani. Narudia: usiongeze chumvi mezani. Ukitaka ladha, kamulia ndimu. Mama lishe, nawe tusaidie: kikopo kikae jikoni, anayetaka aombe.

Kisha nenda zahanati iliyo karibu, kapime presha, hata kama huumwi. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu tu umepata nafuu.