Kabati ya chuma na karatasi zetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu)



Komite imeniomba niseme juu ya ile kabati ya chuma. Wengi munauliza: kwa nini feza ya shirika inunue kabati, na kuna watoto hawajalipiwa masomo? Swali ni la haki. Lakini kabla ya kujibu, niwapeleke kwanza Ujerumani, katika mji unaoitwa Köln.

Mji ule uko na nyumba ya kuchungia karatasi zake za zamani. Sisi tunasema arshive. Karatasi yake ya zamani kabisa ni ya mwaka 922. Rafu zake zote, kama ungezipanga kwa mstari mmoja, zilifika karibu kilometa 30, ni kama kutoka Uvira mpaka Bujumbura.

Karatasi hizo zinaingia namna gani? Njia ya kwanza ni sheria. Ofisi ya mji haiwezi kuchoma karatasi zake za zamani kwa kupenda tu. Inapaswa kuonyesha arshive kwanza, na wenye kazi wanachagua. Watu wanafikiri arshive inachunga kila kitu. Hapana, sehemu kubwa inatupwa. Zinabaki zile zinazoonyesha haki za watu na namna uamuzi ulivyokatwa. Njia ya pili ni jamaa, makampuni na mashirika kama hili letu, wanaotoa karatasi zao au kuziuza, kwa mkataba ulioandikwa. Mwanzoni mwa mwaka 2009 mji ule ulikuwa umenunua karatasi za mwandishi wao Heinrich Böll, yule aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Kila kinachoingia kinaandikwa katika kitabu: siku gani, kimetoka kwa nani, maboksi mangapi. Na karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine. Risiti ukiiokota barabarani, huwezi kujua ni ya nini. Ukiikuta ndani ya kaye ya mwenye duka, unaelewa mara moja.

Kuchunga kwenyewe hakuna uchawi. Wanatoa pini na vibanio vya chuma, maana kutu inakula karatasi. Wanatia katika maboksi ya karton isiyo na asidi, mbali na jua, mbali na unyevu, juu ya rafu na si chini. Na hawaplastifie! Hili ninalisema kwa sauti kwa sababu sokoni kila mtu anakimbilia kuplastifie. Ule moto unabana plastiki kwenye karatasi, hutaitoa tena bila kupasua, na hakuna atakayeweza kupiga muhuri juu yake.

Sasa, tarehe 3 Machi 2009, karibu saa nane mchana, nyumba ile ilianguka. Karibu nayo walikuwa wakichimba njia ya treni ya chini ya udongo. Udongo na maji vikaingia ndani ya shimo, na nyumba ikavifuata. Waliokuwa ndani walikimbia, lakini vijana wawili waliokuwa katika nyumba za jirani walikufa. Miaka zaidi ya elfu moja ya mji ikalala ndani ya mawe na tope.

Wazimamoto, wenye kazi za arshive, wanafunzi na watu wa kujitolea walichimbua kwa muda mrefu, mpaka mwaka 2011. Karatasi zilizolowa hazikuanikwa juani. Ziliwekwa kwenye baridi kali zikawa barafu, kisha mashine ikatoa ile barafu kama mvuke, bila karatasi kulowa mara ya pili. Walipata karibu asilimia 95, lakini nyingi zimepasuka na kuchanganyika. Kuzitengeneza kutachukua makumi ya miaka. Nyumba mpya ilifunguliwa mwaka 2021.

Kitu kimoja njo kinanigusa zaidi. Tangu mwaka 1961 serikali ya kule ilikuwa inapiga picha za karatasi za maana kwenye filamu, na filamu zinalala ndani ya mapipa ya chuma, katika shimo la madini la zamani karibu na mji wa Freiburg. Tena watu waliokuwa wamefika zamani kusoma, wakajitolea kopi, walizirudisha. Kopi ya mgeni ikawa kumbukumbu ya mwenye mji.

Tuje kwetu. Tuliovuka ziwa mwaka 1996 tuliacha karatasi ndani ya nyumba zilizochomwa. Tuliorudi kwa meli za HCR kutoka Kigoma mpaka Baraka, kuanzia 2005, tulikuja na cheti cha mtoto kutoka shule ya kambi, karatasi ya kuzaliwa, na fomu ya kurudi. Kisha Aprili 2020 mto Mulongwe ukaingia usiku ndani ya nyumba za Uvira, na karatasi nyingi zilikuwa chini ya magodoro. Mbele ya shefu, aliyebaki anasema shamba ni lake, na aliyerudi anaambiwa: onyesha. Mama mjane mmoja wa shirika letu alionyesha fotokopi tu, shemeji yake aliichunga Nyarugusu. Bila ile fotokopi angelala nje.

Basi kabati inafanya kazi hii. Karatasi yako ya asili inabaki kwako. Sisi si serikali, hatuichukui. Tunachukua kopi mbili: moja ndani ya kabati, nyingine katika mji mwingine usio pembeni ya ziwa. Picha katika simu ni nzuri, lakini simu inaibiwa. Bahasha yako inafungwa mbele yako, unasaini katika kitabu, na hakuna wa kuifungua bila wewe, hata prezida wa komite. Ukifa, anaifungua yule uliyemwandika.

Kwa wafadhili: hatuombi kompyuta nyingine. Tunaomba maboksi mazuri, wino wa fotokopi, na nauli ya kufikisha kopi ya pili.

Tunaanza Jumatatu saa mbili asubuhi, wajane na wazee kwanza. Muje na karatasi kama zilivyo, hata zilizochanika, na musizigundishe kwa skochi.