Kutoka Wodini hadi Dirisha la Methadoni

Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua dirisha ambalo Tanzania Bara haikuwahi kuwa nalo. Waraibu wa heroini walianza kufika hapo kila siku kunywa dozi ya methadoni mbele ya mhudumu, bila malipo. Mauritius ilikuwa imetangulia tangu 2006. Mwananyamala ikafuata 2012, Temeke 2014, na Desemba mwaka huohuo Nairobi ikaanza katika Hospitali ya Mathari. Zanzibar ilianza 2015, Kidongo Chekundu. Baadaye huduma ikafika Dodoma, Mbeya na Mwanza.

Sehemu nyingi kati ya hizo ni hospitali. Maana yake ni kwamba mtumiaji wa unga aliyelazwa Temeke au Mwananyamala kwa sababu ya jipu la kinena yuko hatua chache tu kutoka kwenye tiba ya uraibu wake. Mhadhara huu unahusu hatua hizo chache, na sababu zinazowafanya wagonjwa wengi wasizimalize.

Mtu anayetumia heroini ni nadra kulazwa kwa ajili ya heroini yenyewe. Hulazwa kwa kifua kikuu, nimonia, majipu na vidonda vya sehemu anazojichoma sindano, au maambukizi yaliyofika hadi kwenye valvu za moyo. Wengine hugongwa na pikipiki. Daktari anaandika ugonjwa uliomleta, anaagiza antibiotiki, na kazi inaanza. Lakini saa sita hadi kumi na mbili baada ya mara ya mwisho kutumia, mara nyingi kabla majibu ya maabara hayajatoka, arosto inakuwa imeshabisha hodi: miayo isiyokwisha, machozi na makamasi, jasho, tumbo kuharisha, mifupa inayouma kana kwamba inasagwa, usiku mzima bila lepe la usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi.

Wodi isiyoifahamu arosto humwona mgonjwa msumbufu. Anagombana na wauguzi, hataki chakula, anaomba ruhusa ya kutoka nje kila baada ya saa moja. Kisha alfajiri kitanda kiko kitupu, dripu inaning'inia, na faili linafungwa kwa neno moja: ametoroka. Kifua kikuu chake kimetoka naye, kinarudi maskani na nyumbani kwa mama yake. Ni lazima isemwe wazi kwamba kutoroka kwa namna hiyo ni dalili ya ugonjwa kama homa ilivyo dalili ya malaria, na dawa yake ipo. Methadoni na buprenofini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005.

Yupo pia anayevumilia. Anakaa wiki mbili au tatu, arosto inapita, mwili unanawiri, ndugu wanamshukuru Mungu kwamba kijana wao amepona. Huyu ndiye wa kuhofia zaidi. Katika wiki hizo mwili wake umepoteza uzoefu wa heroini, lakini hamu imebaki palepale. Akirudi kijiweni na kutumia kipimo chake cha zamani, ubongo unasahau kuamuru mapafu yavute pumzi. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba vifo vya aina hii hurundikana katika siku na wiki za mwanzo baada ya mtu kutoka hospitali, gerezani au kwenye nyumba ya kuacha dawa. Dawa ya naloksoni ikitolewa mapema humrudishia pumzi, na familia inaweza kufundishwa kuitumia.

Je, mgonjwa apewe barua tu aende kliniki? Watafiti wa Boston, Marekani, walilipima swali hili na kuchapisha majibu 2014. Waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 139 waliolazwa kwa magonjwa mengine huku wakiwa na uraibu wa opioidi, yaani heroini na dawa za jamii yake. Kundi moja lilipewa buprenofini ya kupunguza arosto kwa siku chache, kisha likaelekezwa wapi pa kutafuta tiba. Kundi la pili lilianzishiwa dawa palepale kitandani, likaongezewa dozi, na likakabidhiwa moja kwa moja kwa kliniki ya nje. Walioingia kliniki katika kundi la kwanza walikuwa takriban asilimia 12. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 72.

Tofauti hiyo haikuletwa na ushawishi wa maneno. Wagonjwa wa aina moja, hospitali ileile, ila mmoja aliondoka akiwa tayari ni mgonjwa wa kliniki na mwingine aliondoka na maelezo.

Makabidhiano haya yana ufundi wake. Methadoni huanzishwa kwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 20 hadi 30 kwa siku, na kupandishwa polepole kwa sababu hujilimbikiza mwilini. Ikikimbizwa inaweza kuua. Nguvu ya dozi hudumu takriban siku moja. Kwa hiyo mgonjwa akiruhusiwa leo asubuhi, dirisha la kliniki lazima kesho lijue mambo mawili: alikunywa kiasi gani, na saa ngapi. Kliniki isiyojua haiwezi kukisia. Itamwanzisha upya chini kabisa, arosto itamrudia, na muuza unga hadai barua ya rufaa.

Kifua kikuu kinaongeza ugumu. Rifampisini, nguzo ya tiba yake ya miezi sita, hulichochea ini kuivunjavunja methadoni haraka, kiasi kwamba dawa iliyokuwa ikitosha inapungua mwilini, wakati mwingine hata kwa nusu. Mgonjwa anaanza vidonge vya TB Jumatatu, na wiki inayofuata analalamika kwamba methadoni "haishiki". Asipoaminika ataacha kimoja kati ya viwili, na mara nyingi kinachoachwa ni vidonge vya TB. Anahitaji kuongezewa methadoni kwa vipimo, kisha kupunguziwa taratibu tiba ya TB inapokwisha, maana ini likitulia dozi ileile kubwa inageuka hatari. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na daktari wa kifua peke yake wala kliniki ya methadoni peke yake.

Boston ina somo jingine lisilopaswa kufichwa. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado kwenye dawa katika kundi lililokabidhiwa vizuri walikuwa chini kidogo ya asilimia 17, dhidi ya asilimia tatu katika kundi la kwanza. Bora zaidi, naam, lakini wengi walikuwa wameshaanguka njiani. Hapa kwetu njia hiyo ina nauli ya daladala kila siku ya Mungu, ina kibarua au mashua isiyomsubiri mtu aliye kwenye foleni, na ina majirani wanaomwita teja hata baada ya mwaka bila sindano. Wanawake wamebaki wachache sana kwenye foleni hizo, na aibu ya kuonekana ni sehemu ya sababu. Marekani iliruhusu Machi 2020, wakati wa korona, wagonjwa waliotulia wapewe dozi za hadi siku 28 nyumbani, na 2024 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu. Nchi zetu zina kila sababu ya kupanua ruhusa ya namna hiyo, kwa uangalifu, hasa kwa mtu aliyetoka wodini akitembelea magongo.

Kuna kazi inayohitaji bajeti na ipo isiyohitaji. Viongozi wa hospitali zenye kliniki hizi waanze na ile isiyohitaji: mraibu aliyelazwa aanzishiwe methadoni wodini, asindikizwe dirishani na muuguzi au mwelimishaji rika kabla hajaruhusiwa, na asitoke getini mpaka jina lake, kiasi cha dozi yake na saa aliyoinywa viwe vimeandikwa kwenye daftari la kliniki.