Risiti ya Maharage: Namna Tulivyoitafuta Karatasi Iliyopotea

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanamemba na wageni wetu katika mukutano mukuu, Baraka)



Tumeombwa tutoe ripoti ya matumizi. Tutaitoa. Lakini mbele ya hesabu tuzungumze kwanza juu ya karatasi moja ndogo, maana ilibaki kidogo tu ivunje shirika letu.

Munakumbuka ule ugawaji wa vyakula kwa wajane na wazee. Tulinunua kwenye depo moja ya hapa mujini: maharage mifuko 7, unga wa muhogo mifuko 10, mafuta ya mawese bidoni 4, pamoja na chumvi na sabuni. Vyakula vilifika, watu walikula. Wiki tatu zikapita, mufadhili akaomba faktire. Mama Kesiye akafungua faili: haimo. Siku ile ya kununua aliifunga kwenye ncha ya kikwembe, akapanda moto, mvua ikamukamata njiani. Alipofika nyumbani fundo lilikuwa limefunguka.

Siye tuliopanda meli Kigoma kurudi huku tangu 2005 tunasema risiti. Ndugu waliobaki wanasema faktire. Siku ile majina yote mawili yalikuwa na maana moja: matata.

Tuseme ukweli. Maneno yalianza palepale. "Mama amekula feza." Watu walewale waliobeba unga ule kichwani ndio walisema hivyo. Mama akaacha kuja kwenye kikao. Na sisi wa ofisi, tuliokuwepo wakati mifuko inapakuliwa, tulinyamaza, tukasema tungoje kwanza. Hilo ni kosa letu. Tunamuomba musamaha hapa mbele yenu wote.

Kisha likaja shauri: "Munahangaika nini? Kuna kijana ana kitabu cha faktire na kashe. Mumupe kitu kidogo, atawaandikia ingine." Njia hiyo kila mutu hapa anaijua, tusidanganyane. Na sisi ilituvuta, maana mufadhili alikuwa ametupa siku chache. Lakini tulifikiri hivi: feza ilitumika kweli, vyakula vililiwa kweli. Tukiweka karatasi ya uongo juu ya jambo la kweli, basi mama huyu ambaye hajaiba kitu, sisi wenyewe tutakuwa tumemufanya mwizi. Tukakataa.

Hapo mzee mumoja akatukumbusha Nyarugusu. Kule kambini, mutu akipoteza kadi ya posho alipata taabu sana, lakini jina lake halikupotea. Lilikuwa limeandikwa pahali pengine. Alikwenda kueleza, akaulizwa maswali, akarudi tena na tena. Tukasema, na hii risiti ni vilevile. Mutu akinunua kitu anaacha alama zaidi ya moja. Tuzifuate.

Alama ya kwanza ilikuwa ndani ya telefone. Mama alilipa sehemu ya feza kwa telefone, na ule ujumbe hakuufuta. Ukatupa tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Bila tarehe, kutafuta ni kazi bure.

Alama ya pili ilikuwa depo. Munajua faktire za kuandika kwa mukono: chini yake kuna karatasi ya kaboni, ya juu anapewa munuzi, kopi inabaki kitabuni. Tulikwenda pale watu watano, sauti juu. Kijana wa depo akaogopa, akafikiri ni watu wa kodi. "Patron ako Bukavu. Kitabu kilishajaa." Tukarudi mara ya pili, jibu ni lilelile. Mara ya tatu Mama Kesiye akasema ataenda peke yake. Akamusalimia kijana, akamuonyesha ujumbe, akamwambia: "Mwanangu, sitafuti kosa lako. Natafuta jina langu." Kijana akaleta karto ya vitabu vya zamani. Kwa sababu tarehe ilijulikana, haikuchukua hata nusu saa. Kopi ilikuwa hafifu, lakini inasomeka.

Na hapo tukapata jambo tusilolitazamia. Kopi ilisema mafuta bidoni 3. Ripoti yetu ilisema 4. Tulitazamana. Mama akafikiri sana, kisha akakumbuka: mafuta yaliishia depo, bidoni ya ine aliinunua sokoni kwa mama muuza mawese, ambaye hajui kuandika. Tulimupata. Alikumbuka mauzo yale na bei yake. Tukaandika maneno yake, akaweka kidole, mashahidi wawili wakatia sahihi.

Patron aliporudi alitupa karatasi mupya yenye namba ileile na tarehe ileile, akaandika juu yake "duplicata", akatia sahihi na kashe. Tulimutumia mufadhili vyote, pamoja na proseverbali inayoeleza namna risiti ilivyopotea, na tukamwambia wazi: bidoni tatu zina karatasi, moja ina mashahidi tu. Akakubali vyote isipokuwa ile moja. Tuliirudisha kutoka katika michango yenu. Iliuma. Lakini hesabu ile leo hatuiogopi.

Tangu hapo tumekubaliana hivi. Mara tu ya kupokea risiti, ipigwe picha palepale dukani na itumwe kwa watu wawili. Isomwe kabla ya kutoka: tarehe, namba, vitu, bei, jina la shirika, sahihi. Zile risiti za mashine zinazofifia kwa joto, tutoe kopi upesi. Wanaokwenda kununua wawe wawili. Sokoni kusipokuwa na faktire, tuandike papo hapo, muuzaji aweke kidole. Na karatasi ikipotea, aseme siku ileile. Hatutamuita mwizi mbele ya kutafuta.

Wafadhili wetu, munapotuomba karatasi, wengine hapa wanafikiri hamutuamini. Siye tumeona kingine: kopi ile ya kaboni ndiyo ilimurudisha mama yetu kikaoni.

Sasa Mama Kesiye atasoma hesabu mwenyewe. Tumusikilize.