MAJINA YA WATU NA HUKUMU ZETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka niseme neno katika mkutano huu, aliniachia nichague shauri mwenyewe. Nimechagua shauri la majina ya watu. Najua wako watakaosema: "Mishahara ipo, likizo zipo, nyumba za watumishi zipo, naye ataka kutueleza majina!" Walakini nawaomba mnistahimilie, maana hakuna kitu kipitacho mikononi mwetu kila siku zaidi ya majina. Kabla karani hajaandika tarehe ya kuzaliwa, wala kijiji, wala kiasi cha fedha, huandika jina. Na aghalabu, kabla wino haujakauka, amekwisha kumhukumu mwenye jina.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, asije mtu akadhani nimesimama hapa kuwanyoshea wengine kidole.

Nilipokuwa karani kijana katika afisi moja ya bara, ambayo sitaitaja, niliwekwa dirishani kuandika watu waliokuja kudai haki za jamaa zao waliokufa kazini. Asubuhi moja, mstari mrefu na jua limekwisha kupanda, akafika mama mzee mwenye kanga iliyopauka. Nikamwuliza bila kuinua macho, "Jina lako nani?" Akajibu, "Sijali." Nikainua macho. Nikamwuliza tena kwa sauti ya kumwonya, "Nasema, jina lako nani?" Akajibu kwa upole ule ule, "Sijali, mwanangu." Watu waliokuwa nyuma yake wakacheka. Nami nikaona nimevunjiwa heshima mbele ya umati. Nikamwamuru asimame kando mpaka atakapojali, nikaandika katika karatasi yake: Amekataa kutaja jina.

Mama yule akasimama kando, kimya, toka saa tatu hata saa nane. Tarishi wetu, mzee aliyeanza kupeleka barua za Serikali kabla mimi sijazaliwa, ndiye aliyekuja kuniinamia sikioni. Akasema, "Bwana karani, yule mama hakukutukana. Ndilo jina lake. Mama yake alizika watoto watatu. Wa nne alipozaliwa akamwita Sijali, ili mauti yasisikie kuwa mtoto huyu anapendwa."

Nikamwita, nikamwandika. Hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu, kama basi la kwenda kwao lingalipo. Lilikuwa limekwisha kuondoka. Walakini kosa langu halikuishia pale. Maneno niliyoyaandika kwa hasira nilisahau kuyafuta, nayo yakaingia katika faili. Na faili halina masikio ya kusikia kwamba karani amejuta. Kila lilikofika, karani mwingine alisoma "amekataa kutaja jina", akamhesabu mama huyu kuwa mtu afichaye jambo, akalirudisha kwa maswali mapya. Fedha za marehemu mwanawe zilichukua miezi saba kumfikia. Miezi saba, mabwana, kwa kicheko cha watu na kiburi cha kijana mwenye kalamu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza majina haya tunayoyacheka yatoka wapi. Mengine yatoka katika hesabu ya siku na miezi: Juma, Hamisi, Shaabani, Ramadhani. Chausiku alizaliwa usiku, na Tatu ni mtoto wa tatu. Kwa Waluhya, Wanzala ni mtoto wa wakati wa njaa. Kwa Wajaluo, aliyezaliwa katika njaa huitwa Okech, naye aliyezaliwa katika mvua huitwa Okoth. Shida, Tabu na Mashaka wametajiwa hali waliyokuwa nayo wazazi wao. Na yako majina ambayo ni maneno mzazi aliyotaka kuwaambia majirani asipate kinywa cha kuyasema, akampa mtoto ayachukue: Siwatu, Semeni, Majuto. Katika hayo yote hakuna hata moja linaloeleza tabia ya mwenye jina. Angewezaje mzazi kuieleza tabia ya mtoto wa siku saba? Jina ni kama muhuri wa posta juu ya bahasha. Hutuonyesha barua ilitoka wapi na siku gani. Yaliyoandikwa ndani hatuyajui mpaka tufungue tusome.

Tazameni mfano mmoja ambao sote twaujua, ijapokuwa wachache hukumbuka maana yake. Katika karne ya 19, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Nyanza, alizaliwa mtoto wakati viwavi walipoivamia nchi. Akaitwa Nyerere, na maana yake katika Kizanaki ni viwavi. Mtoto huyo alikua akawa Mtemi Nyerere Burito. Mwaka 1922 akazaliwa mwanawe mmoja, siku yenye mvua nyingi, naye akapewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua. Mtoto huyo ndiye Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyeiongoza nchi yetu katika Uhuru wa 1961 na kuwa Rais tangu 1962 hata 1985. Kama angalifika dirishani pangu katika ujana wake, nami ni karani mjuzi wa Kizanaki na mwepesi wa kucheka, ningalimwandika kuwa kijana wa viwavi na mvua, nikamwambia asimame kando.

Au mtazameni Martin Kayamba, ambaye jina lake lastahili kukumbukwa na kila mtumishi wa Serikali, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele katika kuanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga mwaka 1922. Kayamba, kama mjuavyo, ni chombo cha ngoma. Hufumwa kwa matete, hutiwa mbegu ndani, kikatikiswa. Mwaka 1931 mwenye jina hilo alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Waliomsikiliza walisikia hoja za mtu mwenye akili, wala hakuna aliyesikia matete yakitikiswa.

Wala tusidhani kwamba wenzetu wa Ulaya walizaliwa na majina ya malaika. Gavana wa Tanganyika tangu 1925 hata 1931 alikuwa Sir Donald Cameron. Jina Cameron huelezwa kuwa latoka katika lugha ya kale ya Waskoti, na maana yake ni pua iliyopinda. Campbell, jina la jamaa nyingine kubwa ya Waskoti, maana yake ni mdomo uliopinda. Fox ni mbweha. Hata hivyo sijasikia habari ya karani aliyepata kulitazama jina la Gavana katika barua, kisha akainua macho kuipima pua yake. Kwa nini? Kwanza, hatukuijua lugha yao. Lakini sababu ya pili ndiyo inayonisumbua: tuliwaogopa. Basi dharau yangu kwa yule mama haikutoka katika jina lake hata kidogo. Ilitoka katika kanga yake iliyopauka. Kama neno lile lile "Sijali" lingalitoka katika kinywa cha mtu aliyeshuka katika motokaa, ningalisimama, nikamwomba radhi, nikamwuliza kwa adabu laandikwaje. Jina lilikuwa kisingizio tu. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa.

Watu wa pwani wanao ushahidi wa jambo hili katika tarikh yao wenyewe. Siku za utumwa, mabwana waliwaita wengi wa watumwa wao majina ya vito na ya bahati njema: Almasi, Feruzi, Marijani, Mabruki. Jina la almasi halikumfungua mtu minyororo. Na kwa upande wa pili, karibu na mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, Unguja, alizaliwa binti kwa wazazi maskini, akapewa jina la Mtumwa. Alikua akiuza vyungu, akiimba njiani. Alipoingia mjini na sifa ya uimbaji wake kuenea, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Na mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Huyo ndiye Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950. Nawauliza, mabwana: je, sauti ya Mtumwa na sauti ya Siti zilikuwa mbili? Koo lilikuwa moja. Waliobadilika ni wasikilizaji.

Yupo atakayesema kwamba kucheka jina hakumwondolei mtu ugali. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa uchumi huko Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walitangaza jaribio lao. Waliwapelekea waajiri wa miji ya Boston na Chicago maombi ya kazi karibu 5,000 ya watu wasiokuwako. Elimu na ujuzi walivigawanya kwa usawa. Wakatofautisha majina tu. Nusu waliyapa majina yanayojulikana kuwa ya Wazungu, kama Emily na Greg. Nusu majina yanayojulikana kuwa ya watu weusi, kama Lakisha na Jamal. Wenye majina ya kwanza walihitaji kupeleka maombi kama 10 ili kupata mwito mmoja. Wenye majina ya pili walihitaji 15. Na Jamal, kama wajuavyo wenzetu waliosoma chuoni, maana yake ni uzuri.

Tusifanye haraka kuwalaumu wageni. Wako miongoni mwetu wanaokaa katika kamati za kuchagua watu wa kazi. Kila mmoja ajiulize peke yake: nisomapo jina, na humo nikadhani nimelijua kabila la mtu na dini yake, je, macho yangu huendelea kusoma barua kwa moyo ule ule? Na kudhani huko mara nyingi ni kukosea. Mshairi wetu Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa mtumishi wa Serikali miaka mingi, alikuwa Mwislamu. Karani mvivu, aliyejaza nafasi ya dini kwa kulitazama jina la mwisho tu, angalimwandika kuwa Mkristo. Na karatasi ingalibaki na uwongo huo, wenye muhuri wa Serikali juu yake.

Basi nashauri mambo manne, nayo hayahitaji idhini ya mkubwa yeyote. Kwanza, jina tuliandike kama mwenyewe alitamkavyo, kisha tumsomee asikie. Asiyejua kusoma hana njia nyingine ya kujua tulichomfanyia. Pili, tusilisahihishe jina kwa kuliona baya. Mtu akitaka jina jipya, ni haki yake kulitafuta kwa njia ya sheria. Si kazi ya karani kumpa. Na mjue kwamba herufi moja ikizidi katika karatasi ya kwanza na kupungua katika ya pili, mzee atarudishwa nyumbani bila pensheni yake. Leo tunatumia kompyuta mahali pa daftari. Kosa lifikalo upesi zaidi bado ni kosa. Tatu, kabila na dini, panapolazimu kuandikwa, tuulize, tusibahatishe. Nne, wanaochagua watu wa kazi wasome kwanza elimu na ujuzi wa mwombaji, na jina walitazame mwisho.

Wazee walisema, "Jina jema hung'ara gizani." Nilipokuwa mtoto nilidhani wasemalo ni kwamba tuchague majina mazuri. Sasa naelewa kwamba katika Kiswahili neno "jina" lina maana mbili: lile uitwalo, na ile sifa uliyoichuma kwa matendo. Lile la kwanza hukulichagua, wala mwenzako hakulichagua. La pili kila mtu hulifanyia kazi mwenyewe, na ndilo litakalong'ara au kufifia. Karani wa dirishani alipewa jina lake na wazazi, kama alivyopewa yule mama. Lakini siku ile mimi nilijichumia jina la pili, na watu wote wa mstari ule walilipeleka vijijini kwao.

Sikupata kumwona tena Mama Sijali. Nimewauliza watu wengi majina yao tangu siku ile, na kila mara huinua macho kwanza.